Inkscape, CorelDRAW, Illustrator au Affinity: uchoree ipi lebo yako ukiwa nyumbani Dodoma?

Mwaka jana, wiki chache kabla ya Nane Nane, kikundi cha kina mama wa Hombolo wanaotengeneza juisi ya zabibu kiliniomba niwasaidie kupata bango. Lebo ya chupa walikuwa nayo tayari. Kijana wa mtaani kwao alikuwa amewachorea kishada cha zabibu kwenye simu, picha yenye upana wa pikseli 1080, na kwenye lebo ya sentimita 8 ilitoka safi. Bango la banda lao pale viwanja vya Nzuguni lilitakiwa liwe na upana wa mita 3. Nikaipeleka picha ile ile dukani, wakaivuta mpaka ikaenea. Tulipolikunjua lile bango, mwenyekiti wao alilitazama kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona zabibu zetu zimekuwa matofali?"

Kijana alikuwa amechora vizuri. Gawanya pikseli 1080 kwa sentimita 8: kila sentimita inapata nukta 135, na jicho haliwezi kuzitenganisha. Zigawanye kwa sentimita 300: kila sentimita inaambulia nukta 3.6 tu, na kila nukta inakuwa kigae cha karibu milimita 3. Mashine haiwezi kuchapa kitu ambacho hakimo kwenye picha.

Programu za kuchora kwa vekta hazihifadhi nukta. Zinahifadhi maelezo: mstari unaanzia hapa, unaishia pale, njiani unapinda hivi, ndani yake jaza zambarau. Ukitaka upana wa sentimita 4 au wa mita 4, kompyuta inapiga hesabu upya na ukingo unabaki mkali. Hesabu ya mikunjo hiyo ilikuzwa kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa, ambako Pierre Bézier wa Renault na Paul de Casteljau wa Citroën, kila mmoja kwake, walitafuta namna ya kueleza umbo la bodi ya gari kwa namba. Ndiyo maana mpaka leo, programu yoyote ya aina hii utakayofungua, utakutana na nodi, yaani vituo ambavyo mstari unapitia, na vishikio vyake vya kupindia mstari.

Nawaandikia wenye kompyuta moja nyumbani, pengine ya mezani iliyonunuliwa mtumba yenye RAM ya GB 4, wanaotaka kuchora nembo, lebo, kadi za harusi, stika za bajaji au fulana, na wanajiuliza waweke programu gani. Mimi mwenyewe nafanyia kazi hizi nyumbani Nkuhungu, na programu zote nne zilizo kwenye kichwa cha habari nimezitumia kwa kazi za kulipwa.

Kwanza, faili linakwenda wapi?

Wengi huniuliza ipi ni bora. Nami huwauliza: kazi yako itachapwa na nani, kwa mashine gani? Nyumbani tunachora, lakini ni wachache wenye mashine ya kuchapa mabango ya fleksi au plota ya kukata stika. Faili litasafiri kwa flashi au kwa WhatsApp mpaka mjini, likafunguliwe na fundi ambaye hakuwepo ulipokuwa unachora. Sifa zote za programu yako zinaishia pale fundi anapofungua faili na kukuta maandishi yamebadilika, rangi imefifia au kishada kimehama upande. (Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama waraka. Ukituma kama picha, WhatsApp inaibana na ubora unapotea.)

Kwa hiyo safari ya kwanza ni ya miguu. Nenda kwenye duka utakalolitumia, umsalimie fundi vizuri, umuulize anapokea faili la aina gani, anatumia programu gani na toleo lipi, na rangi anazitaka kwa RGB (za kioo) au CMYK (za wino); mbele nitazieleza. Majibu yake yatakuamulia zaidi kuliko yale utakayoyasoma kwenye tovuti za wauzaji wa programu.

CorelDRAW, programu ya mafundi

Nilikopeleka kazi mimi hapa Dodoma, jibu limekuwa moja mara nyingi: "Ipo kwenye Corel?" CorelDRAW ilitoka mwaka 1989, kazi ya kampuni ya Corel ya Ottawa, Kanada, na tangu mwanzo ilikuwa ya Windows, yaani ya kompyuta zile zile tulizonazo. Mafundi wamerithishana: mkubwa akamfundisha kijana wake wa dukani, kijana akafungua duka lake. Hata lugha ya kazi imetoka humo. Fundi akikuambia "geuza maandishi yawe kavu", anakusudia amri ya Corel ya kubadili herufi kuwa mikunjo, Ctrl na Q, ili zisitegemee tena fonti iliyoko kwenye kompyuta yako.

Nguvu yake inaonekana kwenye kazi za kukata na kupima. Stika ya kioo cha nyuma cha bajaji, kwa mfano, haihitaji kivuli wala mng'ao. Inahitaji mstari mmoja safi ambao kisu cha plota kitaufuata, na herufi zilizopandana ziunganishwe ziwe umbo moja, la sivyo kisu kitakata katikati ya neno. Corel inafanya hayo kwa kubofya mara mbili tatu, na mafundi wengi wanaituma kazi kwenye plota wakiwa humo humo. Ina kifaa cha kufuatisha picha ya kawaida na kuigeuza vekta, ina CMYK tangu zamani, ina kitengeneza msimbopau (barcode), na kurasa nyingi ndani ya faili moja, jambo linalosaidia sana kwenye kadi za mwaliko, bahasha na kadi ya mchango wa harusi hiyo hiyo.

Sasa ubaya wake. Kwanza bei: leseni halali ni ya dola mia kadhaa, iwe unalipa kwa mwaka au mara moja. Kwa anayeanza nyumbani, hiyo ni pesa ya kununulia kompyuta nyingine. Pili, matoleo ya miaka hii yanataka RAM ya GB 8. Tatu, na hili huwakwaza wengi, faili la CDR, yaani faili la asili la Corel, lililohifadhiwa kwenye toleo jipya halifunguki kwenye toleo la zamani. Ukichora kwenye la kwako jipya na duka lina la miaka kumi iliyopita, fundi atatikisa kichwa. Unapohifadhi, shuka kwenye orodha ya matoleo uchague la chini linalolingana na la dukani, kisha ulifungue tena wewe mwenyewe uangalie kama kuna kilichoharibika.

Bei hiyo ndiyo inayowasukuma watu kwenye nakala za kuvunja leseni, zile tunazoziita za kraki. Nilipewa moja kwenye flashi nilipoanza. Ilifanya kazi miezi miwili. Siku moja kila folda kwenye flashi ya mteja ikageuka njia ya mkato isiyofunguka, na kirusi kile kikahamia kwenye kompyuta ya ofisi ya mtu mwingine. Ilinibidi niende kuomba radhi, nikasafisha mashine zao bila malipo, na mteja mmoja sikumpata tena. Mbali na hayo, ni kazi ya watu waliyoifanya kwa jasho, kama vile lebo ninayoichora mimi ni jasho langu. Kama Corel ndiyo unayoihitaji kweli, kuna toleo la majaribio la siku chache kwenye tovuti yao. Litumie kupima, na ukiona inakulipa, inunue kwa kipato cha kazi.

Inkscape, ninayoianzia

Inkscape ilianza mwaka 2003, watu walipochukua programu ya wazi, yaani ambayo yeyote anaruhusiwa kuibadili, iliyoitwa Sodipodi na kuiendeleza kwa njia yao. Inatengenezwa na watu wa kujitolea kutoka sehemu mbalimbali za dunia, ni ya bure, haidai akaunti, na leseni yake inakuruhusu kuitumia kibiashara na kumgawia jirani nakala bila kuvunja sheria yoyote. Ilichukua miaka mingi kufika toleo 1.0, ambalo lilitoka Mei 2020, na toleo 1.4 lilitoka Oktoba 2024. Inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux. Faili la kuipakua ni la megabaiti mia moja na kidogo, hivyo bando la kawaida linatosha, na baada ya hapo hata mwezi mzima bila intaneti itakutumikia.

Kwenye kompyuta yangu ya kwanza, ya mezani yenye GB 4, ilikwenda bila malalamiko mradi nisijaze ukungu na vivuli laini. Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyoichosha. Kishada chote cha zabibu kinaweza kuchorwa bila ukungu hata mmoja: duara moja la zambarau iliyokolea, mwezi mwembamba wa rangi nyepesi pembeni kuonyesha mwanga, basi. Punje hiyo moja naifanyia pacha kwa Alt na D. Pacha si nakala ya kawaida. Anamfuata mama yake. Nikapanga mapacha 30 mpaka kishada kikajaa. Mwenyekiti alipoona rangi imekuwa nyeusi mno, nilibadili punje ile ya kwanza tu, na zote 30 zikabadilika mbele ya macho yake. Alicheka kwa furaha, akaniambia nifanye tena.

Faili lake la asili ni SVG, mfumo wa wazi ambao W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, liliupitisha rasmi mwaka 2001, na ndani yake ni maandishi matupu. Ukilifungua kwa programu ya kuandikia ya kawaida utasoma rangi na vipimo kwa macho yako. Kwangu mimi hili lina uzito mkubwa. Lebo niliyochora leo haitafungwa ndani ya toleo fulani la kampuni fulani. Mtu yeyote mwenye programu inayosoma SVG, hata kivinjari cha intaneti, ataliona umbo lake miaka mingi ijayo.

Ina kifaa cha kugeuza picha kuwa vekta, Shift, Alt na B kwa pamoja, ambacho kwa ndani kinatumia kazi ya Peter Selinger iitwayo Potrace. Kwa saini, muhuri wa zamani au nembo ya shule iliyobaki kwenye karatasi tu, kinafanya kazi nzuri ajabu. Kwa picha ya kamera hakifai. Nimeletewa kishada kilichofuatishwa kutoka kwenye picha ya simu, kikawa na maelfu ya nodi na ukingo wa kujikunjakunja kama karatasi iliyoungua. Chora kwa mkono wako.

Kwenye lebo kuna msimbopau pia. Namba yenyewe unaipata kihalali kupitia GS1 Tanzania, shirika linalotoa namba hizo, na za kwetu huanza na 620. Ukishaipata, Inkscape ina kiendelezi, yaani kifaa cha nyongeza, cha kuuchora kwa vekta, kama ilivyo Corel. Unaandika namba, mistari inajipanga. Illustrator haina kifaa hicho ndani yake. Usiuchukue msimbopau kama picha ya simu, kwa sababu kingo zikififia mashine ya dukani haitausoma.

Udhaifu wa Inkscape nitauweka bayana. Inaweza kufungua faili nyingi za CDR, ingawa si kila kitu hufika salama, lakini haiwezi kuhifadhi CDR. Kwa hiyo fundi wa Corel lazima umpelekee PDF au SVG, na baadhi yao hununa wakisikia hivyo. Nimezoea kwenda na vyote viwili kwenye flashi, maandishi nikiwa nimeshayageuza kuwa umbo kwa Shift, Ctrl na C, na nabaki na nakala nyingine nyumbani ambayo maandishi yake bado yanaharirika. Mara nyingi Corel inaifungua PDF hiyo vizuri. Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi, nao unastahili sehemu yake.

Zambarau iliyogeuka

Kioo cha kompyuta kinatengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na buluu, ndiyo RGB. Mashine ya kuchapa inatumia wino: samawati, majenta, njano na nyeusi, ndiyo CMYK. Wino hauwezi kufika kila mahali mwanga unapofika, na rangi zinazoumia zaidi ni kijani kinachong'aa, chungwa kali, buluu na zambarau. Yaani kazi ya zabibu imekaa katikati kabisa ya tatizo. Zabibu nyekundu ya Makutupora ina weusi wenye wekundu kwa ndani, na kwenye kioo niliipata vizuri. Karatasi ya kwanza ikatoka na ubuluu uliofifia, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi.

Hapa ndipo programu zinapoachana. Corel, Illustrator na Affinity zinakuruhusu kuchagua rangi kwa wino tangu mwanzo: unaandika majenta asilimia kadhaa, samawati asilimia kadhaa, na namba hizo zinasafiri na faili mpaka mashineni. Inkscape inafanya kazi kwa RGB, na PDF inayotoka humo ni ya RGB. Kwa fulana, stika na bango la fleksi huwa si balaa, maana mashine hizo zina programu yake ya kugeuza rangi na fundi anaweza kurekebisha. Kwa lebo 5,000 zinazokwenda kwenye mashine kubwa ya ofseti, ni balaa.

Njia ninayoitumia mimi ni kuipitisha kazi kwenye Scribus, programu nyingine ya bure, ya kupanga kurasa. Naingiza mchoro, natengeneza upya rangi zake kuu kwa CMYK, kisha natoa PDF. Ni hatua ya ziada na inachukua nusu saa mara ya kwanza. Lakini hata ukiwa na programu ya gharama kubwa kiasi gani, omba kipande cha majaribio cha ukubwa wa kiganja kwenye karatasi ile ile itakayotumika, ukakiangalie nje kwenye mwanga wa jua. Kwa zabibu zetu tulipunguza samawati na kuongeza majenta mara mbili kabla mwenyekiti hajasema, "Sasa hiyo ndiyo."

Illustrator na Affinity

Illustrator ya Adobe ilitoka mwaka 1987 kwa ajili ya Macintosh, ikitokana na kazi ya kampuni hiyo ya lugha ya kuchapia iitwayo PostScript. Mashirika makubwa ya matangazo yanaitumia, na ukiajiriwa Dar es Salaam au Nairobi kama mbunifu wa picha utaikuta mezani. Ni programu iliyoiva. Kwa nyumbani kwetu, hata hivyo, ina vikwazo vitatu vinavyoshikana: tangu 2013 matoleo mapya yanapatikana kwa kulipia usajili tu, na bei inayotangazwa Marekani ni zaidi ya dola 20 kwa mwezi, inataka angalau GB 8 za RAM na ingependa 16, na kila baada ya muda inabidi iunganishwe na intaneti kuthibitisha kwamba umelipa. Mwezi ambao wateja hawakuja, programu inafungwa na mafaili yako yanakungoja. Kama unasoma ubunifu chuoni na ndoto yako ni kuajiriwa, jifunze Illustrator. Kama unataka kuchora lebo ukiwa nyumbani na kulipa ada za watoto, iache kwanza.

Affinity ni habari nyingine. Ilitengenezwa na Serif ya Nottingham, Uingereza. Affinity Designer ilianza kwenye Mac mwaka 2014 na kuingia Windows mwaka 2016, ikiuzwa kwa malipo ya mara moja. Mwaka 2024 kampuni ilinunuliwa na Canva, na Oktoba 2025 programu zao tatu za kuchora, kuhariri picha na kupanga kurasa zikaunganishwa kuwa moja inayotolewa bure. Unachotakiwa kuwa nacho ni akaunti ya Canva, ambayo vijana wengi wanayo tayari. CMYK ipo ndani, kurasa nyingi zipo, na mkono wake ni mwepesi: kuvuta nodi humo kunaburudisha kuliko kwenye Inkscape, nakiri.

Kwa nini basi siiweki ya kwanza? Kwa sababu ya mashine na kwa sababu ya mlango. Inataka Windows ya karibuni na kadi ya picha inayojiweza, vitu ambavyo kompyuta nyingi za mtumba hazina. Na faili lake la asili linafunguliwa na yenyewe tu, huku ubure wake ukitegemea uamuzi wa kampuni moja. Mwenye GB 8 na Windows mpya aijaribu bila woga, mradi kila kazi iliyokamilika aitolee pia nakala ya SVG na PDF.

LibreOffice Draw sikuiweka kwenye kichwa cha habari, ila kama LibreOffice, programu za ofisi za bure, ipo kwenye kompyuta yako, Draw ipo pia. Kwa ramani ya kufika ukumbini, mchoro wa viti vya harusi au tangazo la chumba cha kupanga, inatosha. Tusisahau pia kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, kutoka ukoo huo huo. Lakini kwa nembo ya kudumu, vifaa vya Draw vya kupinda mistari ni vichache mno.

Kazi iliyonionyesha tofauti vizuri zaidi

Dada mmoja anayekaa Kikuyu, hapa hapa Dodoma, alitaka kanga ya ukumbusho wa mama yao. Kanga ina sehemu zake zisizobadilika: pindo linalozunguka pande zote, mji katikati, na jina, yaani ule ujumbe, chini ya mji. Ugumu wote uko kwenye pindo. Umbo dogo moja linajirudia mamia ya mara, na kwenye pembe nne lazima ligeuke bila kukatika.

Kwenye Corel niliweza kulinakili na kuligawa kwa umbali sawa upesi sana, lakini dada alipotaka ua libadilike, nilirudia karibu kila kitu kwa sababu nilitumia nakala za kawaida. Illustrator ina vifaa bora kabisa vya ruwaza, na hapa naisifu kwa moyo wote: inapinda pembe yenyewe ukishaielekeza vizuri. Kwenye Inkscape nilitumia mapacha waliopangwa kwa safu. Kuelewa lile dirisha lake lenye visanduku vingi kulinichukua jioni mbili. Nilipolielewa, niliweza kubadili ua moja na kuona pindo zima likifuata, na kwa mteja anayeomboleza na kubadili mawazo kila siku, huo ulikuwa uungwana niliotaka kumfanyia. Pembe nilizichora kwa mkono, zote nne kutoka moja.

Ningekuwa naanza leo

Nikiwa na kompyuta ya GB 4, ningeweka Inkscape na Scribus siku hiyo hiyo. Nikiwa na GB 8 na Windows ya karibuni, ningeweka Inkscape na Affinity, nikazitumia zote mwezi mmoja, kisha nikabaki na ile mkono wangu unayoikimbilia. Nikiwa nafungua duka lenye plota ya kukata stika, ningejichanga ninunue CorelDRAW halali, maana hapo nimekuwa mimi ndiye fundi, na wateja wataniletea CDR.

Zoezi la kwanza ningelifanya moja tu, kwa programu yoyote kati ya hizo. Piga picha jani la mzabibu, iweke chini kabisa, ififishe, uifunge isisogee, kisha chora ukingo wa jani juu yake kwa nodi chache iwezekanavyo. Mara ya kwanza utatumia 60. Jani linalokubalika linahitaji kama 20: nodi zikae kwenye ncha na kwenye mabonde, na mikunjo iachiwe vishikio. Mkono huo ukishaupata hauupotezi ukihama programu, kama vile aliyejua kushona kwa cherehani ya miguu hashindwi na ya umeme.

Umeme pia uwe kwenye hesabu zako. Kabla ya mstari wa kwanza, ingia kwenye mipangilio uhakikishe programu inajihifadhia kazi yenyewe, na muda uupunguze uwe dakika 5 au chini. Zote nne zina njia ya kurejesha kazi iliyokatika, ila muda wa kawaida uliowekwa na watengenezaji mara nyingine ni mrefu kuliko mkato wa umeme unavyosubiri. Kazi kubwa kama bango, ichore kwa kipimo cha moja kwa kumi, mita 3 ziwe sentimita 30, na umwandikie fundi hivyo kwenye jina la faili.

Bango la pili la kina mama wa Hombolo nililichora upya usiku mbili na likawahi Nane Nane. Faili lake halifiki kilobaiti 100. Mwaka huu wameongeza chupa ndogo, na lebo yake ya sentimita 4 imetoka kwenye mchoro ule ule. Nimewawekea SVG, PDF na karatasi ya namba za rangi kwenye flashi, nikamkabidhi mwenyekiti mkononi, ili siku wakitaka fundi mwingine wasianze kuchora zabibu zao upya.